Maneno Manane Katika Kumi na Mawili

Katika mtaa wetu wa Dunda, hapa Bagamoyo, yuko mama mmoja mtu mzima ambaye majirani wote humwita Bi Mkubwa. Sandukuni mwake, chini ya kanga za sikukuu, ameweka karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi hiyo ina maneno manane ya Kiingereza, lugha asiyoijua. Ilipasa iwe na maneno kumi na mawili. Kwa kupungukiwa na hayo manne amekosa kuisikia tena sauti ya marehemu mumewe. Na pamoja na sauti hiyo yamepotea majina ya baadhi ya watu waliokuwa wakimwia marehemu.

Twawaomba wasomaji wetu, wazee kwa vijana, watuvumilie tukiieleza habari hii kwa urefu. Kila nyumba siku hizi ina simu, na katika kila simu mna amana za watu. Nao wanaotengeneza programu za simu ni vijana wetu wenyewe. Basi si jambo la mafundi peke yao.

Marehemu alikuwa mvuvi mwenye ngalawa mbili. Mwaka 2024 aliugua, akalazwa Dar es Salaam. Kutoka hapa kwetu ni mwendo wa kilomita 70 tu kwa barabara ya lami, walakini kwa mama mwenye magoti mabovu ni safari kubwa. Kila usiku baada ya isha mume akimzungumzia mkewe kwa simu, naye akiyasikiliza maneno yale asubuhi akiwa jikoni. Siku za mwisho, alipoona hali inageuka, alianza kumtajia madeni yake: fulani nyuzi za nyavu, fulani mafuta ya mashine, fulani fedha taslimu aliyokopa msimu wa kusi. Hakuyaandika, kwa kuwa mkono ulikuwa hauna nguvu tena. Aliyasema, akaamini kuwa yamehifadhika.

Programu waliyoitumia si ile inayotumiwa na watu wengi. Aliwawekea mjukuu wao, kijana anayefanya kazi ya kutunga programu huko Dar es Salaam, naye alikuwa na sababu zake. Mitandao tuliyoizoea, mathalan WhatsApp na Facebook, ina mwenyewe mmoja. Ni kama nyumba kubwa yenye bawabu mmoja mlangoni. Ukipoteza ufunguo, bawabu hukuuliza wewe ni nani, kisha akakufungulia. Illa bawabu naye akianguka, wote mko nje. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitandao hiyo, pamoja na Instagram, ilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa kosa lililofanyika ndani ya kampuni moja. Wenye jamaa Maskati na Dubai wanaikumbuka siku ile. Wengine walidhani simu zao zimeharibika, wakazizima na kuziwasha mpaka wakachoka.

Kwa sababu kama hizo wametokea watu wanaotengeneza mitandao isiyo na makao makuu. Namna zake si moja. Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani, ni seva nyingi, kila moja na mwenyewe, zinazopelekeana habari mfano wa posta za miji mbalimbali. Nostr, iliyoanza mwaka 2020, imekwenda mbali zaidi: hapo hapana anayekuandikisha, wewe ni ufunguo wako tu, na aliye na ufunguo huo ndiye wewe. Iko na Briar, ambayo huweza kupeleka ujumbe simu kwa simu zilizo karibu, hata pasipo intaneti. Tofauti hizo si ndogo. Intaneti ilipokatika nchini mwetu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ikakosekana kwa siku kadhaa, wenye kutegemea seva za mbali walinyamaza wote sawasawa, wa makao makuu na wasio na makao makuu. Kijana anayewaambia wazazi wake kwamba programu fulani haizimiki kabisa, yampasa kwanza aeleze inapita njia gani.

Programu ya nyumbani kwa Bi Mkubwa ilikuwa ya namna ya ufunguo. Hatutaitaja jina, kwa kuwa kosa tunalolisimulia tumelikuta kwa nyingi. Ufunguo wenyewe ni tarakimu ndefu mno ambazo mwanadamu hawezi kuzihifadhi. Kwa hiyo hugeuzwa kuwa maneno 12. Desturi hii ilitoka kwa wenye fedha za Bitcoin. Mwaka 2013 ilitolewa orodha ya maneno 2,048 ya Kiingereza, yaliyochaguliwa ili yasifanane, na humo ndimo mashine huchukua kumi na mawili. Baadaye zikaongezwa orodha za Kijapani, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano na nyinginezo. Ya Kiswahili hatukuiona humo.

Mzee alifariki. Miezi miwili baada ya eda kwisha, Bi Mkubwa alikwenda pwani kwenye mnada wa samaki, simu ikamtoka mkononi ikaanguka majini. Hakuhuzunika sana. Alirudi nyumbani akafungua sanduku, akatoa karatasi yake, akamwita mjukuu aje na simu mpya. Kijana akaipokea karatasi, akayahesabu maneno, akayahesabu tena.

Kilichotokea ni hiki. Siku ile ya kuiweka programu, kijana alikuwa na haraka ya basi. Alimwambia, "Bibi, fuata maelekezo, yatakapotokea maneno yanakili." Maneno yakatokea. Kioo cha simu yake kilikuwa kidogo. Yakaonekana manane, na manne yakabaki chini, ambayo ilitakiwa kusukumwa kwa kidole ndipo yapande. Chini kabisa kulikuwa na kitufe kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba "nimeelewa", nacho kilionekana muda wote. Bi Mkubwa, ambaye asoma Kiswahili na herufi za Kiarabu vizuri sana, aliyanakili maneno ya kigeni herufi kwa herufi, kama mtu achoraye nakshi ya mlango, kisha akabonyeza kitufe. Programu haikumuuliza jambo lolote zaidi.

Mtu aweza kusema: si yajaribiwe tu hayo manne yaliyobaki? Lau lingekosekana neno moja, mashine ingelijaribu yote 2,048 kwa muda mfupi. Lakini kwa maneno manne namna za kujaribu zazidi trilioni 17, na kila moja yataka hesabu nzito. Kijana alitujibu hivyo akiwa ameinamisha kichwa.

Jioni moja baada ya magharibi mazungumzo haya yaliletwa barazani kwetu. Alikuwapo kijana mwenyewe, na alikuwapo mwalimu wa sekondari, mtu wa hoja. Mwalimu alisema kosa ni kuwaficha watu mambo. "Mmewapa watu nyumba isiyo na bawabu, wala hamkuwaambia kuwa bawabu hayupo. Wafundisheni kwanza, ndipo muwape."

Kijana akajibu, "Mwalimu, watu hawasomi. Ukiweka kurasa tano za maelezo, wa kwanza anafunga, wa pili anafunga, wa tatu anabonyeza tu ili afike mbele. Sisi tumeyaona kazini. Kila ukurasa unaouongeza mlangoni hupunguza watu wanaoingia. Na wasioingia hubaki kulekule kwenye bawabu mmoja."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Watu wa Mastodon wamelionja. Elon Musk alipoinunua Twitter mwezi Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, watu kwa mamilioni walikwenda kubisha hodi Mastodon. Swali la kwanza waliloulizwa lilikuwa: chagua seva. Mtu amekuja kuwasalimu rafiki zake, amekuwa kama mgeni aliyeshuka chomboni akaambiwa kwamba, kabla hajapewa maji ya kunywa, achague mtaa atakaozikwa. Wengi walirudi walikotoka. Tarehe 1 Mei 2023 wenye Mastodon walibadili njia: kitufe cha kwanza kikawa kinampeleka mgeni kwenye mastodon.social, seva wanayoiendesha wao wenyewe, na hiari ya kuchagua ikawekwa pembeni kwa anayeitaka. Waliolalamika hawakukosekana. Walisema kwamba mkiwarundika wageni wote katika seva moja, mwajenga upya lile jumba lenye bawabu mmoja mlilolikimbia. Sisi twaona walalamikaji walikuwa na haki nusu. Mgeni hawezi kuchagua kitu asichokijua. Walakini yafaa siku moja, akishazoea, aambiwe kwamba anaweza kuhama, na aonyeshwe njia.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Tunao mlangoni. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008 kwa mkono wa Vodacom. Watu wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Fedha za karo na za matanga zilipelekwa kwa mkono wa dereva wa basi. Jambo lililotengenezwa lilikuwa rahisi: simu ya bei ndogo kabisa, *150*00#, kisha orodha ya namba. Lakini urahisi huo haukuachwa peke yake. Kulikuwa na wakala, mtu mwenye meza na mwavuli, ambaye alisimama na mteja bega kwa bega: bonyeza moja, sasa andika namba, sasa kiasi, hapo geuka uandike namba yako ya siri nisiione. Somo lilitolewa pale pale penye kazi, kwa Kiswahili, na fedha halisi mkononi.

Hapo kwanza kila mtandao ulikuwa nchi yake. Wa mtandao huu akimtumia wa ule, mpokeaji alipata namba maalumu kwa ujumbe, akaenda nayo kutafuta wakala wa mtandao wa mtumaji. Mwaka 2014 Airtel, Zantel na Tigo (ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Yas) zilikubaliana kupokeana fedha, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Kampuni zilibaki mbalimbali, kila moja na daftari lake, nazo zikasikilizana. Na kwa mtumaji jambo lote likawa mstari mmoja tu katika orodha. Kisha likaja jambo ambalo sisi twalipenda kuliko yote: kabla hujaandika namba ya siri, huonyeshwa jina la unayempelekea. Si somo la kurasa tano. Ni jina moja, linalotokea wakati ule ule mtu anapoweza kukosea, na limeokoa fedha nyingi za maskini.

Tusidanganyane lakini. Wapo mpaka leo wanaomtamkia wakala namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Na ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" sidhani iko nyumba Bagamoyo usikofika. Watu wazima wenye akili zao wameutii, kwa kuwa siku hiyo kweli walikuwa na pesa ya kumtumia mtu. Tena hapa kuna tofauti kubwa na jambo letu. Ukisahau namba ya siri ya fedha, unakwenda na kitambulisho kwenye kampuni, unapewa nyingine. Bawabu yupo. Kwa Bi Mkubwa hapakuwa na wa kumwendea.

WhatsApp nayo ina somo lake, la kinyume. Mwezi Aprili 2016 ilizifunga kwa siri barua zote za watu, hata kampuni yenyewe isiweze kuzisoma, na mtumiaji hakutakiwa kufanya lolote. Ni kazi nzuri, hatuna budi kuisifu. Walakini kwa kuwa watu hawakutakiwa kujua kitu, hawakujua kitu. Ndiyo sababu mtu akipigiwa simu na asiyemjua akaambiwa, "Imekuja namba ya tarakimu sita, hebu nisomee," huisoma, na kabla ya adhuhuri tapeli amevaa jina lake anawaomba mikopo shangazi zake. Aliyeisoma hakuwa mpumbavu. Hakuna aliyemwambia kuwa tarakimu zile sita ndizo mlango.

Tukirudi barazani. Bi Mkubwa alikuwa ameketi ndani ya mlango akitusikiliza. Yafaa tuseme kwamba mama huyu amefundisha Kurani wasichana wa mtaa huu kwa zaidi ya miaka 40, na kijana mwenyewe alianzia kwake. Mwalimu alipokuwa akirudia kwamba wazee wafundishwe, sauti ikatoka ndani:

"Mimi sikuruka neno. Niliandika yote niliyoonyeshwa. Lakini mjukuu wangu, wewe nilikusomesha mimi. Je, niliwahi kukuuliza kama umeelewa?"

"Hapana, Bibi."

"Nilikwambia nini?"

"Ulikuwa ukiniambia, nisomee."

"Basi hicho chombo chako mbona hakikuniambia nikisomee?"

Kijana hakujibu, na mwalimu naye akanyamaza. Kwa hakika hiyo ndiyo desturi ya kusoma tuliyoikuta. Mtoto hupewa herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha. Hapewi hukumu za tajwidi siku ya kwanza, wala haachiwi kupita mpaka amsomee mwalimu. Mji huu unalijua jambo hilo vizuri. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa Bagamoyo mtumwa kutoka Kongo, akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiria, na wanafunzi wake walienea bara. Hakukuwa na ofisi kuu iliyowatolea vitambulisho. Kila mmoja alikuwa na ijaza kutoka kwa aliyemsomesha, na aliyemsomesha alikuwa amemsikia kwa masikio yake. Wanaotengeneza mitandao isiyo na makao makuu hutafuta njia ya watu wasiojuana kuaminiana pasipo mkubwa mmoja, na hudhani ni jambo jipya.

Twarejea kwenye maneno kumi na mawili. Programu ile ingalimwambia, "nirudishie neno la tatu, na la saba, na la kumi na moja," Bi Mkubwa angalitambua papo hapo kwamba hana neno la kumi na moja. Jambo lote lingalichukua dakika mbili. Hatusemi kila kitu kirudiwe hivyo; mtu asisumbuliwe kwa rangi ya kioo na picha ya jina lake. Pale tu ambapo kosa halina dawa, hapo mashine isikubali kuambiwa "nimeelewa". Na ikiwezekana ufunguo ujaribiwe kwenye simu nyingine wakati ile ya kwanza ingali hai, kama afanyavyo mwenye busara anayechonga ufunguo wa pili wa duka.

Iko na njia nyingine ambayo kijana alitueleza, nasi tuliipenda kwa kuwa inafanana na maisha yetu. Mwaka 1979 mwanahesabu Adi Shamir alionyesha namna ya kuigawa siri moja katika vipande, mathalan vitano, ili vitatu vyovyote vikikutana viifungue, na viwili visifungue kitu. Bi Mkubwa angaliweza kumpa kipande binti yake aliye Unguja, kimoja dada yake wa Kaole, kimoja mjukuu, na vingine wawili anaowaamini. Apoteze simu, apoteze karatasi, jamaa wangemrudishia mlango wake. Mwalimu aliuliza, je, jamaa watatu wakigombana naye kwa mirathi wakakutana kuufungua bila yeye? Kijana alikiri kwamba hesabu haizuii hilo. Basi hilo nalo litataka kuelezwa, na tumerudi pale pale kwenye kufundisha.

Lugha tumeigusa, lakini haitoshi kuigusa. Kumnakilisha mtu maneno asiyoyajua maana ni kumnyima nusu ya uwezo wa kugundua kosa. Mwenye kusoma "mnazi, kitanda, mvua, chumvi" huyakumbuka hata akiwa kisimani. Mwenye kuchora herufi za wageni hana cha kukumbuka. Vijana wetu wanaozitunga programu hizi wanatoka katika nyumba zinazosema Kiswahili, kisha wakifika kazini huandika vitufe vya Kiingereza kwa ajili ya bibi zao. Tuliwauliza sababu, wakasema ndivyo walivyofundishwa. Jibu hilo halikuturidhisha.

Kuhusu madeni ya marehemu, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimkosesha mama huyu usingizi, ilitangazwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa kwamba mwenye haki yake ajitokeze. Bi Mkubwa alikuwa anakumbuka majina matano, akayalipa kwa kuuza ngalawa moja. Baada ya tangazo walikuja wengine wawili. Mmoja, mtu wa Kaole, alikuwa anadai nyuzi za nyavu, akalipwa. Wa pili alisema alikuja kuarifu tu kwamba alikwisha kusamehe siku ya maziko. Kama wapo wengine, bado hawajafika, na mama huuliza kila asubuhi watu wanaporudi kutoka pwani.

Kijana naye amechukua likizo ya siku nne, akakaa hapa Dunda na bibi yake. Ametengeneza mfano wa ukurasa mpya: maneno ya Kiswahili aliyoyachagua mwenyewe, manne kwa kila kioo, na kisha mashine inaomba isomewe. Alimpa Bi Mkubwa ajaribu. Kioo cha kwanza alikipita, cha pili alikipita. Alipofika cha tatu alimrudishia simu, akamwambia herufi ni ndogo.